Paka Niliyemtia Dawa

Paka niliyemtaka alikuwa wa rangi ya chungwa, mnene, mkia umepinda kidogo nchani, na mke wa afande mmoja wa kambi ya Kimaka alimchukua mbele ya macho yangu.

Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha katika hoteli ya chai iliyokuwa katikati ya mji wa Jinja. Mwenye hoteli alikuwa mama mzee wa Kihindi. Wajukuu zake walimwita Ba, nasi wateja tukamwita hivyo hivyo. Familia yake ilifukuzwa nchini wakati wa utawala wa jeshi, na miaka ya tisini waliporudishiwa jengo lao, alikuta wapangaji wamehama na paka wamebaki. Walikuwa wamezaliana ghalani, darini, ndani ya makabati yasiyo na milango. Watu walimshauri awawekee sumu. Yeye alipaka kuta rangi, akaleta viti, akaanza kuuza chai ya tangawizi na bajia, na paka akawaacha wakae walipopenda. Siku nyingine paka walikaa vitini na wateja wakasimama. Muda si muda watu wakaanza kumletea na wengine, waliookotwa sokoni au waliogongwa na boda boda. Aliwatibu kadiri alivyoweza, kisha akawagawa kwa watu aliowaamini.

Mimi nilikuwa mteja wa kila Jumamosi. Nilikuwa nimeolewa na polisi, kijana wa Mbale, na tulipanga chumba upande wa Kimaka, karibu na kambi nilikokulia. Baba yangu alikuwa askari kutoka kaskazini. Sisi watoto wa kambini tulikuwa na lugha moja tu tuliyoiweza sawasawa, nayo ni Kiswahili. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetoka, na kule chumbani nilikuwa nalala chali nahesabu mabati ya paa. Kwa Ba yule paka wa chungwa alikuwa analala juu ya viatu vyangu. Nilijua kabisa kwamba amenichagua.

"Ba, huyu ni wangu," nilikuwa nikimwambia. "Tukipata uhamisho wa kwenda Mbale, naondoka naye."

Basi siku hiyo mke wa afande aliingia, manukato yamemtangulia, gari linamngoja nje. Alitazama huku na huku, akaja mpaka mezani kwangu, akainama, akamwokota paka wangu kutoka juu ya viatu vyangu kama mtu anayeokota kitambaa chake kilichoanguka.

"Huyu," akasema.

Nilimwangalia Ba. Ba akaniangalia mimi.

"Wewe nasema kesho, kesho," aliniambia kwa kile Kiswahili chake. "Paka hapana ngoja kesho."

Yule mama aliondoka na paka kifuani, na paka mwenyewe hakugeuka nyuma hata mara moja. Nilibaki pale na kitu kikinichoma chini ya koo. Nilimwonea wivu kwa gari lake, kwa kucha zake, kwa tumbo lake lililokuwa limeanza kuonekana chini ya gauni. Na zaidi ya yote kwa jinsi alivyosema "huyu" bila kuomba ruhusa ya mtu. Nikainuka, nikaenda mpaka kona ya nyuma, kwenye sanduku alimokuwa amelala paka ambaye hakuna mteja aliyependa kumtazama, nikasema kwa sauti ile ile, "Huyu."

Alikuwa wa kijivu mwenye mistari, sikio moja limeng'atwa, macho yanatoa machozi, na shingoni alikuwa na kipara cha mviringo. Alipiga chafya mfululizo.

"Hapana," Ba akasema. "Huyu gonjwa. Macho mbaya. Sikio iko na mdudu. Tumbo iko na minyoo. Na hii hapa, usiguse! Hii choa. Wewe nashika, wewe napata."

"Nitamtibu."

Akanikagua kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Wewe iko na mimba?"

"Hapana."

"Mtoto ndogo nyumbani?"

"Hapana."

Hapana hizo mbili zilinitoka kwa shida, na nadhani alisikia. Akanipa maagizo. Nimweke peke yake mpaka apone. Ninawe mikono kwa sabuni kila ninapomgusa. Asilale kitandani kwetu. Nikifika Mbale, kabla ya jambo lingine lolote, nimtafute daktari wa wanyama. Akamweka ndani ya kikapu chenye kifuniko, akakifunga kwa kamba, na akamsemesha kwa Kigujarati maneno ambayo sikuyaelewa.

Uhamisho ulikuja wiki hiyo hiyo. Tulisafiri na lori la polisi, vyombo vyetu nyuma, kikapu magotini pangu, na njia nzima paka alipiga chafya.

Mjini Mbale tulifikia Nabuyonga, nyumbani kwa mama mkwe wangu. Alikuwa mjane, mrefu, mnyoofu, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyechuma kahawa tangu utotoni. Mume wangu ndiye mwanawe wa kiume pekee. Alimwita Mayi, yaani mama kwa Kimasaba, nami nikafundishwa kumwita hivyo. Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili kwa kuwa hatukuwa na kingine. Hakukipenda. Kwake kilikuwa lugha ya watu wenye bunduki waliogonga milango, na nilipokizungumza vizuri sana aliniangalia kama ninayemwamrisha.

Nilipofungua kikapu, alirudi nyuma hatua kadhaa.

"Hiyo nini?"

"Paka, Mayi. Wa panya."

"Hii paka iko na ugonjwa. Nywele yake itaingia kwa chakula, itaingia kwa kifua, tutapata pumu. Na wewe," akanitazama tumboni, "wewe mtu wa kutafuta mtoto, unaleta ugonjwa kwa nyumba?"

Mume wangu akasema, "Mayi, ataponywa." Kisha akamwambia mengine kwa Kimasaba, marefu, kwa sauti ya chini, na mama akacheka. Mimi nikabaki nimeshika kifuniko cha kikapu. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa katika nyumba ile. Kiswahili kilikuwa cha mambo ya lazima, yaani chumvi, maji, ufunguo. Kicheko kilikuwa na lugha yake, na mimi sikuijua.

Nilimweka paka kwenye chumba cha stoo, nikamtafuta daktari wa mifugo. Alikuwa mtu mpole mwenye mabuti ya mpira, na nilipoweka kikapu mezani kwake alikuwa akitarajia kuku.

"Mama, mimi wateja wangu ni ng'ombe," alisema. "Lakini mnyama ni mnyama."

Alimpima joto, akamfungua mdomo, akamchungulia masikio kwa tochi. Akanieleza kwamba mafua yale ya macho yanaweza kurudi mara kwa mara maisha yake yote, hasa akiwa na hofu. Masikio yatapona. Minyoo itatoka. Choa itachukua muda, na itamrukia yeyote asiyekuwa mwangalifu. Akamchoma sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa, akanipa matone ya macho, matone ya masikio, vidonge, na dawa ya kupaka yenye harufu ya lami.

"Hatakupenda kwa kazi hii," alinionya, na mimi nikacheka.

Kila asubuhi na kila jioni nilimviringisha ndani ya taulo kama chapati, kichwa tu kikabaki nje. Nilimfungua taya kwa kidole nikamtupia kidonge nyuma ya ulimi. Alikitema. Nikakirudisha. Nilimtia matone ya macho, akapofuka kwa muda, akajikuna kwa hasira. Nilimsugua shingo kwa ile dawa ya lami. Mikono yangu ilijaa mikwaruzo, na juu ya mmoja, pamoja na uangalifu wangu wote, ikatokea duara nyekundu inayowasha. Choa. Nikajipaka dawa ile ile ya paka. Mama mkwe aliiona duara ile, na kuanzia siku hiyo kikombe changu kilikaa peke yake kwenye kabati.

Alipona. Macho yalikauka, manyoya yakaota shingoni, laini kuliko ya mwanzo. Siku nilipofungua mlango wa stoo nikamwacha atembee nyumbani kwa mara ya kwanza, nilikaa chini sebuleni na kutandaza khanga mapajani. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo. Alitoka taratibu, akanusa meza, akanusa redio. Akaniona. Akasimama, akashusha masikio, akanizunguka kwa mbali kama mtu anayezunguka shimo la choo, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha mama mkwe wangu. Akaruka. Akajikunja.

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Aliinua mikono yote miwili juu kama aliyekamatwa na askari.

"Ondoa hii kitu!"

Nilinyoosha mkono. Paka akanifokea, meno nje.

Mama mkwe alinitazama, akamtazama paka. Kisha akaishusha mikono polepole, akauweka ule mkubwa wa kulia juu ya mgongo wa paka, kwa woga kidogo. Paka akaanza kuunguruma kwa raha. Sikuwahi kuisikia sauti ile. Wiki zile zote za matone na taulo, sikuwahi kuisikia hata siku moja.

Kutoka siku hiyo nikawa mgeni wa paka wangu mwenyewe. Alimfuata mama mkwe bustanini, akamngoja mlangoni anapotoka kanisani, akalala juu ya vitambaa vyake. Mama mkwe, yule yule wa nywele na pumu, akaanza kumwekea mukene, dagaa wetu wa ziwani, kwenye kisahani. Na alimsemesha Kimasaba. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilikuwa jikoni nikisikia kutoka uani maneno marefu, ya upole, yenye maswali ndani yake, na paka anajibu. Paka niliyemtoa Jinja kwa mikono yangu alikuwa amejua lugha ya nyumba ile kabla yangu.

Mume wangu aliona ni jambo la kuchekesha. "Una wivu na paka," aliniambia.

"Sina wivu na paka," nilisema. Na kweli, sikuwa na wivu na paka.

Ilipofika miezi ya mvua mama mkwe alianza kukohoa. Kikohozi kikavu, kisichoisha. Mume wangu aliyakumbuka maneno ya mama yake ya siku ya kwanza, akasema paka aondoke, nimrudishe Jinja. Nakumbuka tulikuwa mezani. Kabla sijajibu, mama mkwe aliweka kijiko chini.

"Paka haendi mahali."

"Mayi, unakohoa."

"Nilikohoa mbele ya hii paka kuzaliwa. Ni moshi ya jiko. Paka haendi."

Ningepaswa kufurahi. Badala yake niliinama juu ya sahani nikihisi kile kitu cha chini ya koo. Aliyemtetea paka wangu hakuwa mimi. Hakuniachia nafasi hata ya kumtetea. Hospitali walimpima kifua, wakamwambia alichosema yeye mwenyewe, kwamba ni moshi. Mume wangu akanunua jiko la mkaa, kikohozi kikapungua, na paka akabaki palepale miguuni pake, mshindi.

Kisha nikashika mimba.

Kliniki, mkunga aliniuliza maswali yake ya kawaida, na katikati yake akauliza kama nyumbani tuna paka. Nikasema yupo. Akaniambia nisiogope, wengi wanafuga na wanajifungua salama, lakini kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni. Nisisafishe sanduku lake la mchanga. Nisipalilie bustani kwa mikono mitupu. Nyama niile iliyoiva kabisa. Na nisilale na paka. Kwa hilo la mwisho nilitaka kucheka mbele yake.

Nilipomweleza mama mkwe, alisikiliza kama mtu anayepokea amri kutoka makao makuu. Kesho yake sanduku la mchanga lilihamia upande wa chumba chake. Kisahani kikahama. Kikapu cha Ba, alichokuwa akilala ndani yake, kikahama. Alimhamisha paka mzima mzima, kwa afya yangu, na kila nilipopita mlangoni pake alininyooshea kidole: "Mkamwana, usikaribie." Mimba ile niliibeba salama, nasema hivyo kwa shukrani. Lakini niliibeba nikiwa nje ya mlango ule, nikisikia paka akiunguruma ndani.

Nilijifungua mtoto wa kike. Mama mkwe ndiye aliyempokea nyumbani, akamwogesha, akamkanda kwa mafuta, akamfunga mgongoni kwa fundo ambalo mimi sikuliweza. Mtoto akilia kwangu, akipewa bibi ananyamaza. Mume wangu akirudi kazini anaenda kwanza chumbani kwa mama yake, maana huko ndiko wote walikokuwa, mtoto na paka na kicheko cha Kimasaba. Nilikuwa naingia na maziwa yangu yakinidondoka, nanyonyesha, mtoto anachukuliwa tena.

Siku moja adhuhuri niliingia nikakuta mtoto amelala kitandani kwa bibi yake, na paka amejilaza karibu, mkia umegusa mguu wa mtoto. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni anawapepea inzi, wote wawili.

"Paka asilale na mtoto!" nilisema. "Daktari alisema choa inaambukiza. Anaweza kumkalia puani."

"Amepona. Na mimi niko hapa, naangalia."

"Mayi, nimesema amwondokee mtoto."

"Polepole, utamwamsha."

Hapo ndipo yaliponitoka. Nilisema paka ni wangu, nimemlipia kwa ngozi ya mikono yangu. Mtoto ni wangu. Mume ni wangu. Nilisema nyumba nzima amenipokonya, kitu kimoja kimoja, huku akinitazama. Nilisema kwa Kiswahili changu cha kambini, kile cha haraka, cha kutoa amri, na niliona akirudi nyuma kichwani mwake kwenda kwenye miaka ile ya watu wenye bunduki.

Alisimama, akamsukuma paka taratibu ashuke.

"Sawa," alisema. "Na mimi niko ya nani kwa hii nyumba?"

Siku iliyofuata alifunga nguo zake kwenye shuka akapanda mlimani, kwa binti yake aliyeolewa huko, akisema anakwenda kusaidia kuchuma kahawa. Mume wangu alimsindikiza hadi kituo cha pikapu. Aliporudi hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Paka aliachwa. Nilijiambia sasa ni wangu. Nikamwekea mukene kwenye kisahani chake, nikakaa kando nikimsubiri. Hakula. Alikaa kwenye mlango wa chumba kitupu. Siku ya pili hakula. Macho yakaanza kutoa machozi tena na chafya zikarudi kama siku ile ya sandukuni. Nilimjaribu kwa maziwa, kwa utumbo wa kuku, kwa samaki sato niliyemtoa mifupa kwa vidole. Alinusa, akageuza uso. Mbavu zikaanza kuhesabika.

Nikampeleka kwa yule daktari wa ng'ombe. Alimpima tena kila mahali, tochi masikioni, kidole tumboni.

"Joto kidogo tu. Yale mafua yake ya zamani, yameamka," alisema. "Tumbo safi. Ngozi safi. Nani amehama pale nyumbani?"

Nilitazama mabuti yake. "Mama mkwe."

"Basi mama, paka asipokula siku nyingi ini linaharibika. Dawa nitakupa. Lakini dawa ya kweli unajua iliko."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira naye, hasira na paka, hasira na mlima. Nilimviringisha ndani ya taulo, nikamtia matone. Safari hii hakupigana. Alikubali kila kitu, kichwa kimelegea kwenye kiganja changu, na hapo nikaogopa. Miezi yote nilikuwa nimeomba aache kunikwaruza.

Kesho yake nilimfunga mtoto mgongoni kwa fundo langu baya, nikachukua kikapu, nikapanda pikapu iliyokuwa inapeleka sukari mlimani. Nilishuka palipoishia barabara, nikapanda kwa miguu katikati ya migomba na mikahawa, njia imeteleza kwa mvua. Watoto waliokuwa wanachota maji wakauliza kikapuni kuna nini. Nikasema kuna mgonjwa.

Mama mkwe alikuwa uani, ameinamia mkeka wa kahawa. Aliponiona hakunyanyuka. "Mulembe," akasema, salamu yao. Nami nikajibu, "Mulembe, Mayi," na kutoka hapo nilikuwa sina Kimasaba kingine.

Nilifungua kikapu. Nilikuwa nimejiandaa kuona akimrukia, nimejiandaa kuumia. Lakini paka aliruka nje, akaona kuku na mbuzi na watu wengi asiowajua, akajificha chini ya ghala la mahindi. Hakuna aliyechaguliwa. Tukapiga magoti pale kwenye matope, mimi na yeye, tunachungulia chini ya ghala, mtoto analia mgongoni kwangu.

"Amekonda," alisema mama mkwe.

"Hajala tangu uondoke."

"Umempa mukene?"

"Nimempa mukene, nimempa sato, nimempa mpaka kuku. Mayi, ananichukia. Mimi ndiye niliyemponya na ananichukia."

Alinigeukia. Nadhani hakuwa amewahi kufikiri kwamba jambo lenyewe lilikuwa hilo. Alikaa kitako pale pale ardhini, akafuta mikono kwa gauni.

"Wewe unamtia dawa kwa jicho," alisema. "Mimi nampa samaki. Wewe ungependa nani?"

"Lakini bila dawa angekufa."

"Paka hajui. Hata mtoto hajui. Mimi nilimchoma huyu mume yako na kisu ya moto kwa jipu, hapa kwa mguu. Mwaka mzima alikuwa analala kwa shangazi yake. Mwaka mzima! Shangazi alikuwa ananiangalia hivi." Akafanya uso wa mtu aliyeshiba. Nikajikuta nacheka, na machozi yakaja pamoja na kicheko. Alimwambia mtoto neno la Kimasaba, mtoto akanyamaza, kisha akanigeukia, akalirudia neno lile polepole, akangoja mpaka nikalitamka. Lilikuwa na maana ya nyamaza, mama yuko hapa. Nimewanyamazisha kwalo watoto wangu wote.

Baada ya muda pua ya paka ikatokea chini ya ghala. Alikula samaki mkononi mwa mama mkwe, na mimi nikatazama. Sitadanganya kwamba haikuniuma.

"Tubadilishane," alisema huku akimlisha. "Narudi. Lakini dawa nitatia mimi. Wewe utapika samaki yake, wewe utampa. Tuone."

Tulishuka pamoja siku iliyofuata. Alitimiza neno lake. Asubuhi na jioni yeye ndiye aliyeshika taulo na chupa ya matone, akilalamika kwamba mikono yake ni mikubwa mno kwa kazi hii, na mimi nikasimama na kisahani. Paka alimkasirikia. Alimnunia, akalala chini ya meza, akakubali chakula changu bila kunitazama usoni. Nilihesabu huo kuwa ushindi. Kisha macho yakakauka, dawa ikaisha, na paka akarudi kwenye kiti cha mama mkwe kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama mkwe alijaribu kutofurahi mbele yangu. Alishindwa.

Kile kitu cha chini ya koo hakikuondoka. Kilipungua ukubwa, nikakizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana upande mmoja. Kikombe changu kilirudi kati ya vikombe vingine, na sikuuliza ni nani aliyekirudisha. Nilianza kuelewa nusu ya vicheko vya nyumba ile, halafu zaidi ya nusu, na nikagundua kwamba vingi vilikuwa juu ya kuku wa jirani.

Jumapili moja mama mkwe alikwenda kanisani na mtoto mgongoni, mume wangu yuko zamu. Mvua ikanyesha kwa nguvu, mabati yanapiga kelele. Nilikuwa nimebandika maharage, nikakaa sebuleni kungoja yaive. Paka alitoka chumbani, akasimama katikati ya sakafu. Alitazama kiti kitupu cha mama mkwe. Akatazama mlango. Kisha akaja, kama anayekwenda ofisini kumwona mkubwa asiyempenda, akaruka mapajani pangu. Alikanyaga kanyaga khanga, akajikunja, na baada ya kitambo akaanza kuunguruma.

Sikusogea. Mguu ulikufa ganzi, sikusogea. Nikasikia maharage yakikaukiwa maji, kisha nikasikia harufu. Nilikaa vilevile, mkono wangu juu ya mgongo wake, kwenye manyoya ya shingoni yaliyoota juu ya kile kipara.

Mvua ilipokatika mama mkwe aliingia, akafunga mwavuli, akanusa.

"Maharage inaungua," alisema.

"Najua, Mayi."

Ndipo akatuona. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, maji yakimdondoka, macho yake kwa paka, na paka hakuinua kichwa. Kitu kikapita usoni mwake, haraka, akakificha. Nilikitambua. Hakuna mtu aliyekijua kuliko mimi.

"Njoo ukae, Mayi," nilimwambia, nikajisogeza nimpishe nafasi kwenye kochi. "Lakini polepole. Utamwamsha."

Akaenda kwanza jikoni kuepua sufuria, akiguna kwa Kimasaba maneno ambayo wakati huo nilikuwa nayaelewa vizuri kabisa.